Sauti Safi kwenye Sebule ya Watu Wengi: Anza na Chumba, Spika Baadaye

Simama katikati ya sebule, zima feni na TV, kisha piga kofi moja kavu. Ukisikia mkia mwembamba wa sauti unaotetemeka baada ya kofi, kama waya uliokwanyuliwa, huo ndio ugonjwa. Kofi linadunda kati ya kuta mbili za tofali zenye plasta laini, linapanda kwenye dari la jipsamu, linashuka kwenye vigae, na kila linapogonga hakuna cha kulimeza. Msomaji wa taarifa ya habari naye anapita njia hiyohiyo: silabi ya kwanza haijamaliza kudunda, ya pili imeshaingia. Mtu anachukua rimoti anaongeza sauti, na mdundo nao unapanda vilevile. Maneno yanakuwa na kelele zaidi, lakini hayaeleweki zaidi.

Kwa hiyo hela ya spika mpya iache kwanza mfukoni. Tuchukulie sebule ya mita 4 kwa 5 ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi: vigae chini, madirisha ya alumini, seti ya makochi, meza ya kioo, TV ukutani na sabufa imesukumiwa konani. Humo kuna anayetaka habari, mtoto anayetaka katuni, anayetaka muziki Jumamosi asubuhi, na aliyelala chumba cha pili akiumwa kichwa. Kwenye chumba kama hicho, kutafuta kiti kimoja chenye sauti kamilifu ni kazi bure, kwa sababu mwenye kiti atabadilika kila saa. Kinachotafutwa ni maneno kueleweka kwenye kila kochi huku sauti ikiwa chini, na besi isiyopiga kelele upande mmoja na kutoweka upande wa pili.

Spika zikae wapi

Seti nyingi za sabufa hubaki kama zilivyopangwa dukani: boksi la besi chini, spika ndogo mbili juu yake zimebanana. Hapo huna stirio, una redio moja yenye midomo miwili. Zitenganishe. Kama kochi kuu liko mita 3 kutoka ukuta wa TV, spika ziachane mita 2 hadi 2.5, moja kila upande wa TV, kwa kimo kimoja na umbali mmoja kutoka kochini. Tumia futi kamba, usikisie. Spika moja ikiwa mbele ya mwenzake kwa sentimita 20 tu, mwimbaji anahamia upande huo.

Twita, ile spika ndogo kabisa, iwe usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Kwenye makochi ya kawaida ni kati ya sentimita 95 na 105 kutoka sakafuni; makochi ya kuzama yako chini zaidi, kaa upime. Kama spika iko juu ya stendi ya sentimita 50, iinue uso kwa kabari ya mbao ya sentimita 2 chini ya ukingo wa mbele. Kisha isogeze hadi uso wake ulingane na ukingo wa stendi. Ikirudi nyuma, sehemu ya sauti inagonga ubao wa stendi na kufika sikioni imechelewa, na mtu anasikika kama anaongea ndani ya ndoo. Kosa hili linatibika kwa sekunde kumi na ni nadra kulikuta limetibiwa.

Umbali kutoka ukuta wa nyuma una hesabu yake. Sauti nzito haiendi mbele tu. Inazunguka boksi, inagonga ukuta, inarudi. Kuna namba moja ambapo inayorudi inakutana na inayotoka zikiwa kinyume, nazo zinauana. Gawa 86 kwa umbali, kwa mita, kati ya uso wa spika na ukuta: mita 1 inakupa shimo kwenye 86 Hz (mitetemo 86 kwa sekunde), nusu mita kwenye 172 Hz. Hapo kati ndipo ulipo uzito wa sauti ya mwanamume na gitaa la besi. Wenye chumba chao peke yao huvuta spika mbali zaidi. Sebuleni huwezi, maana watoto watazigonga, kwa hiyo fanya kinyume: zisogeze karibu na ukuta, nyuma ya boksi ibaki nafasi ya sentimita 10 tu, halafu punguza besi kwenye ampu, mashine inayokuza sauti ya spika, kwa hatua moja au mbili. Shimo linapanda hadi kwenye sauti ambazo spika tayari inazielekeza mbele. Kama boksi lina tundu la hewa nyuma, hizo sentimita 10 ndizo kikomo. Ukilibana zaidi tundu linaanza kupumua kwa mlio.

Sasa jambo ambalo vitabu vya maelekezo huliacha. Aliyekaa kochi la kushoto yuko karibu na spika ya kushoto, kwa hiyo anaisikia hiyo tu. Geuza spika zote mbili kwa ndani hadi mistari yake ikatane nusu mita mbele ya kochi kuu, si nyuma yake. Kwa mpangilio huo, wa kushoto anatazamwa moja kwa moja na spika ya mbali ya kulia, huku ile ya karibu ikimpa ubavu. Ya karibu inawahi lakini imepungua nguvu kwenye sauti nyembamba, ya mbali inachelewa lakini ina nguvu, na mwimbaji anarudi karibu na TV. Hakuna kiti kitakachopata stirio ya darasa la kwanza, ila vyote vitapata ya kutosha. Kwa sebule ya familia hiyo ndiyo biashara nzuri.

Kochi nalo liache ukuta. Kichwa kilichoegemea ukuta kinapokea besi iliyorundikana na mdundo wa ukuta wenyewe. Sentimita 20 hadi 30 zinatosha kuleta tofauti, na zinapitisha fagio.

Sabufa na kona

Kona inaipa sabufa kuta mbili na sakafu za kuegemea, kwa hiyo inapiga kwa nguvu kuliko popote. Ndiyo sababu watu wanaipenda kona, na ndiyo sababu besi yao ni ya noti moja: kila wimbo, uwe wa singeli au kwaya, unatoa "vuu" lilelile. Chumba kina noti zake. Gawa 172 kwa urefu wa kila upande: mita 5 inakupa 34 Hz, mita 4 inakupa 43 Hz, dari la mita 2.7 linakupa kama 64 Hz. Noti hizo zinavimba karibu na kuta na kuzama katikati ya chumba. Wimbi la 43 Hz lina urefu wa mita 8, mara mbili ya upande huo wa chumba, kwa hiyo zulia na pazia havina ubavu nalo. Dawa yake ni mahali.

Njia ya kupata mahali inachekesha ila inafanya kazi. Iweke sabufa juu ya kochi, pale anapokaa mtu, waya ukiwa umefika. Piga wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, sauti ya wastani. Kisha tembea kwa magoti kando ya kuta, kichwa kikiwa kimo cha sabufa, na usikilize. Kuna mahali besi itakuwa vumi tupu, pengine itatoweka, na pengine utasikia kila noti ikitembea kwa nguvu sawa. Weka alama ya gundi ya karatasi hapo. Rudia sabufa ikiwa kwenye kochi la pili. Alama mbili zikiangukia sehemu moja au karibu, sabufa inahamia hapo. Mara nyingi inakuwa ukuta wa TV, kati ya kona na katikati. Sehemu inayofaa kochi moja na kuua lingine iache.

Sabufa yenye vitufe vyake ina mambo matatu ya kupanga. Kikomo cha juu cha besi: kama spika zako kuu zina koni ya inchi 5 au zaidi, anza na 80 Hz. Zile ndogo za inchi 3 hazifiki huko, zinahitaji 120 hadi 150 Hz, na besi ya kiasi hicho sikio linajua inakotoka, kwa hiyo sabufa lazima ikae mbele karibu na TV. Swichi ya 0 na 180: mmoja akae kochini, mwingine aigeuze mara kadhaa wimbo ukiendelea, mchague upande unaotoa besi nyingi zaidi, upande mwingine sabufa na spika zinavutana. Mwisho nguvu yake: anza sifuri, panda hadi uone "sabufa ipo", kisha rudi nyuma kidogo. Ukiisikia kama kitu cha peke yake, imezidi. Seti za bei ya chini hazina vitufe hivi, zina kimoja tu cha besi, na kwa wenye seti hizo kutembea kwa magoti ndiyo kila kitu.

Ghorofani kuna suala la jirani. Sabufa inamfikia kwa njia mbili: kwa kutikisa sakafu na kwa hewa. Mtikisiko wa sakafu unapungua ukiiweka juu ya tofali la pevingi lililolala juu ya sponji nzito ya sentimita 3 hadi 5, aina ambayo ukiibonyeza kwa kiganja inarudi polepole. Besi inayopita hewani haizuiliki kwa sponji. Hiyo inapunguzwa kwenye kitufe, hakuna ujanja mwingine.

Kumeza mwangwi

Trei za mayai tuziondoe mapema. Ni karatasi nyembamba yenye matuta, hainyonyi sauti ya maana, inakusanya vumbi na mende, na inashika moto upesi. Sponji nyembamba ya sentimita 2 yenye meno nayo inanyonya sauti kali za juu tu; ukibandika ukuta mzima, chumba kinakuwa kizito bila kuwa safi.

Anza na vilivyomo ndani. Zulia nene kati ya TV na makochi, lenye kitambaa cha sponji chini yake, linakata mdundo wa sakafu na dari. Pazia zito la dirishani liwe na upana mara mbili ya dirisha ili likunjamane, lifike chini, na fimbo yake iache sentimita 10 kutoka kwenye kioo. Lile jembamba la wavu ni la mapambo tu. Meza ya kioo ya katikati isogezwe au ipewe kitambaa kizito, kwa sababu inarusha sauti usoni kabisa. Kabati la vitabu lenye vitabu vya saizi mbalimbali linasaidia zaidi ya kabati la vyombo lenye milango ya kioo. Piga kofi tena baada ya kila hatua. Wengine mkia wa kofi unaisha hapa, na hakuna haja ya kuendelea.

Mkia ukibaki, tengeneza fremu za kumeza sauti. Nne zinatosha sebule ya mita 4 kwa 5. Kila moja ni sentimita 60 kwa 120, kina sentimita 10, na inahitaji:

- mbao ya inchi 1 kwa 4, mita 3.6 (zote nne, mita 14.4);
- sufi ya mawe, ile wanayofungia vyumba vya baridi na mabomba ya viyoyozi, vipande viwili vya unene wa sentimita 5;
- khanga moja kwa mbele, na kitambaa chochote chepesi kwa nyuma;
- vyuma vya L viwili, skrubu nane, na stepo za fundi makochi.

Kina cha sentimita 10 si cha anasa. Cha sentimita 5 kinaanza kunyonya vizuri kuanzia kama 500 Hz; cha 10 kinashuka hadi kwenye 250 Hz, na hapo ndipo sauti ya mtu inapoanza kuwa na uvimbe. Ukiiacha fremu sentimita 5 mbali na ukuta, inashuka zaidi kidogo bila gharama, na pwani nafasi hiyo inazuia ukungu.

Kwa nini khanga? Kitambaa cha mbele lazima kipitishe hewa. Kiweke mdomoni upulize: pumzi ikipita, sauti itapita. Khanga inapita. Kitenge kipya chenye nta kinagoma mpaka kifuliwe, na kitambaa cha makochi chenye plastiki nyuma hakifai kabisa. Tena vipimo vinakubaliana: khanga ina kama mita 1.5 kwa 1.1, na fremu pamoja na ubavu na sentimita 3 za kukunjia nyuma inataka 1.46 kwa 0.86. Doti moja inafunika fremu mbili. Ukitaka jina lisomeke, laza fremu ukutani, maana ukiisimamisha maneno yanasimama pia. Na pima kwanza kwa pini, kwani pindo la chini likivutwa sana linakwenda nyuma na jina linakatika.

Wakati wa kukata sufi vaa glavu, shati la mikono mirefu na barakoa, fanyia kazi nje, na kata kwa kisu cha mkate. Isukume ndani ya fremu bila kuibana. Ikibanwa inapoteza kazi yake. Funga kitambaa cha nyuma kwanza ili nyuzi zisidondoke, kisha khanga: stepo ya kwanza katikati ya kila upande, pande mbili zinazotazamana, halafu endelea kuelekea kona. Ukianzia kona, michoro ya khanga itapinda na hutaweza kuinyoosha.

Pa kuzitundika panatafutwa kwa kioo cha kujitazamia. Mtu akae kochi kuu, mwingine apitishe kioo kwenye ukuta wa pembeni kwa kimo cha spika. Pale aliyekaa anapoiona spika ndani ya kioo, sauti inagonga hapo kabla ya kumfikia. Fremu moja kila upande. Upande ukiwa wazi kuelekea korido au meza ya chakula, hakuna cha kutibu hapo. Hamishia fremu hiyo nyuma ya kochi. Zilizobaki ziende nyuma ya vichwa vya wasikilizaji. Usiziweke karibu na soketi wala taa za moto.

Waya na mvumo

Polariti iliyogeuzwa ni kosa la dakika moja linalodumu miaka. Spika moja ikifungwa + kwenye −, koni moja inatoka nyingine ikiingia, besi inatoweka na mwimbaji anakuwa pande zote bila kuwa mahali. Waya nyingi zina mstari au maandishi upande mmoja. Huo uende + mwanzo na mwisho. Kama huna uhakika, chomoa waya kwenye ampu na ugusishe betri ndogo ya volti 1.5, + kwa +, kwa nukta moja. Koni ikiruka nje, umepatia. Fanya spika zote, ziruke upande mmoja.

Unene: kwa safari ya mita 8, shaba ya milimita 1.5 za mraba ina ukinzani wa kama omu 0.18 kwenda na kurudi. Ile nyembamba ya 0.5 inafika omu 0.55, na kwa spika ya omu 8 hiyo imeshavuka asilimia 5 ya omu za spika, kikomo tunachoruhusu kwa waya; kwa ya omu 4 ni mbaya maradufu. Chukua waya laini wa 1.5 au 2.5 unaouzwa kwa mita na uachane na nyaya za "spika maalumu" za bei ya kutisha. Ila kwaruza uzi mmoja kwa wembe kabla ya kulipa. Ukikuta ndani ni rangi ya fedha, ni alumini iliyopakwa shaba. Inafanya kazi, lakini panda saizi moja.

Mvumo wa "mmm" usiokoma hata muziki ukiwa umezimwa ni umeme wa 50 Hz kuingia kwenye njia ya sauti. Utafute kwa kuchomoa. Toa waya mmoja mmoja nyuma ya ampu. Ukitoweka ulipochomoa king'amuzi, tatizo ni waya wa dishi. Ukitoweka ulipochomoa kompyuta, ni chaja yake yenye mguu wa ardhi. Kwanza chomeka vyote kwenye ekstensheni moja inayotoka soketi moja. Ikishindikana, tumia waya wa mwanga (optical) kutoka TV, kwa kuwa hauna shaba ya kupitisha mvumo. Mwisho kabisa nunua kisanduku kidogo cha transfoma kinachokaa kati ya waya za sauti. Kukata mguu wa ardhi wa plagi hakumo kwenye orodha hii: mvumo utaisha, na siku transfoma itakapovuja, umeme utapita kwa atakayegusa ampu.

Kuiunga TV: tafuta tundu la HDMI lililoandikwa ARC, au la waya wa mwanga, na kwenye mipangilio ya sauti ya TV uchague PCM. Watu wengi wanaunga, wanapata kimya, wanadhani waya mbovu, kumbe TV inatuma sauti ya sinema ambayo ampu haiielewi. Kisha zima spika za TV yenyewe. Zikilia pamoja na za ampu, maneno yanakuwa na kivuli. Bluetooth iache kwa muziki wa simu. Ucheleweshaji wake mara nyingi unafika sehemu ya tano ya sekunde, na kwenye taarifa ya habari mdomo utafunga kabla neno halijatoka.

Kabla ya kubeba spika ya mtumba

Vifaa vya zamani vya Ulaya na Japani vinaweza kuipiku seti mpya ya bei ileile, ila geuza nyuma usome. Ampu ya soko la Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka kwenye volti 230 hadi 240 za ukutani bila transfoma ya kushusha, fyuzi itakufa kwanza ukiwa na bahati. Transfoma iwe na wati mara moja na nusu ya zilizoandikwa kwenye kibandiko. Spika yenyewe haijali volti za nchi. Yake ni ukingo unaozunguka koni: wa sponji huoza kwa umri na unyevu, ubonyeze kwa ncha ya kidole, ukibaki na unga mweusi, hesabu gharama ya fundi kuubadilisha kabla ya kutaja bei. Wa mpira hudumu.

Kuhusu wati elfu kumi za PMPO, yaani nguvu ya kilele ya kutangazia tu, zilizochorwa kwenye boksi jipya, soma kibandiko cha nyuma. Kikisema kifaa kinakula wati 60, hakiwezi kutoa hata hizo 60, kwa kuwa sehemu inageuka joto. Na hata wati za kweli hazileti unachodhani: kuongeza mara mbili ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, badiliko dogo. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili, zinatakiwa wati mara kumi. Linganisha na kusogeza spika mbili na kutandika zulia.

Usiku

Sauti ikiwa chini, sikio ndilo linalopoteza besi kwanza, hata kama spika haijabadilika. Kitufe cha Loudness kimewekwa kwa ajili hiyo: kiwashe usiku, kizime mchana. Watu wanaokiacha siku nzima ndio hao wanaolalamika sebule inavuma. Kwenye king'amuzi au TV washa hali ya usiku, inayoshusha milipuko ya sinema na kupandisha minong'ono, na utaacha kushika rimoti kila tangazo linapoingia.

Kama maneno bado ni mazito, kata kwenye ikwalaiza, vile vidhibiti vya kupandisha na kushusha sehemu moja ya sauti, badala ya kuongeza: punguza desibeli 3 karibu na 250 Hz, sikiliza, ndipo uongeze desibeli 2 kati ya 2,000 na 4,000 Hz. Besi iliyotoweka kwenye kochi moja usiifukuze kwa kuongeza. Pale mawimbi yanauana, ukituma zaidi yanauana zaidi, na ampu inabanwa hadi inakata vilele vya sauti. Sauti iliyokatwa vilele ndiyo inayounguza twita, hata kwa ampu ndogo. Ukisikia mkwaruzo kwenye herufi "s", rudisha kitufe chini papo hapo.

Kiasi kimoja kilichokubaliwa nyumbani kiwekewe alama: tone la rangi ya kucha pembeni ya kitufe, moja la mchana, moja la baada ya saa nne usiku. Ni rahisi kumwonyesha mtoto tone kuliko kubishana naye kuhusu kelele.

Vitu vinavyoimba vyenyewe

Besi ikishanyooka, chumba kinaanza kujibu. Pakua programu ya kutoa toni kwenye simu, iunge kwenye ampu, anza 20 Hz panda polepole hadi 200, sauti ya wastani. Maikrofoni ya simu haisikii besi ya chini vizuri, kwa hiyo usiiamini kupima; hapa zinatumika mikono na masikio. Kila kitakaposikika kitu kinatetema, simamisha toni palepale na uguse kimoja kimoja: mlango wa kabati la vyombo, fremu ya picha, grili ya dirisha, taa ya dari la jipsamu, kifuniko cha feni, rimoti iliyolala juu ya sabufa. Ukigusa na mlio ukakatika, umekipata. Fremu za picha zinataka vidonge viwili vya gundi laini kona za chini. Grili iliyolegea inataka kipande cha tairi la ndani kati yake na ukuta kabla ya kukaza bolti. Kioo cha dirisha la kusukuma kinachocheza kwenye reli yake kinanyamaza ukikipachikia kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kilichokatwa nusu kwa urefu na kusukumizwa chini kabisa ambako hakionekani.